DAC ipi ina sauti nzuri zaidi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulinganisha DAC za nyumbani

Haya ni maswali yanayorudi kila mtu anapotaka kununua DAC, au anapokuwa na mbili mezani na hajui aamini nini: masikio yake, vipimo, au sifa alizozisoma. Yameanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye yale yanayowakuta wachache. Jibu lililokwisha kutolewa halirudiwi. Utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. DAC ni nini, na je, tayari ninayo?

DAC ni kifaa kinachogeuza namba kuwa umeme. Muziki wa dijitali huhifadhiwa kama mfululizo mrefu wa vipimo. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kwa kazi ya pamoja ya Sony na Philips, hubeba vipimo 44,100 kwa sekunde kwa upande wa kushoto na idadi hiyohiyo kwa upande wa kulia, na kila kipimo kina biti 16. DAC huzisoma namba hizo na kutoa volti inayopanda na kushuka bila kukatika. Amplifaya huikuza volti hiyo, kisha spika huigeuza kuwa mtikisiko wa hewa.

Ndiyo, tayari unayo. Imo ndani ya simu, kompyuta, televisheni na hata hedifoni za Bluetooth. Kinachobaki kuulizwa ni kama DAC ya nje itakupa kitu ambacho hiyo ya ndani haikupi.

2. Je, DAC zote zinasikika sawa?

Hapana. Lakini zilizoundwa vizuri zinakaribiana kuliko watu wengi wanavyodhani. Chukua DAC mbili za kisasa zisizo na hitilafu, zifanye zitoe sauti yenye ukubwa uleule, mfiche msikilizaji ipi inapiga, na mara nyingi atashindwa kuzitofautisha. Zikitofautiana kweli, huwa kuna sababu inayoweza kutajwa na kupimwa: moja ina kelele, moja inapunguza sauti za juu, moja inazidiwa na hedifoni iliyochomekwa humo, au moja imeunganishwa mahali panapoleta mvumo.

Msimamo wangu, ambao majibu mengi hapa yanausimamia, ni huu: usiiamini tofauti yoyote kabla hujaondoa mambo mawili, yaani tofauti ya ukubwa wa sauti na kule kujua ni kifaa gani kinapiga. Yakishaondoka, yaamini masikio yako kikamilifu, hata kama yanapingana na jedwali la vipimo.

3. Ikiwa namba ni zilezile, DAC inaweza kuharibu nini?

Inaweza kuongeza kelele ya chinichini. Inaweza kupotosha umbo la wimbi na kuzalisha sauti ambazo hazikuwemo kwenye rekodi. Inaweza kutopitisha masafa yote kwa usawa, kwa mfano ikapunguza sauti za juu. Inaweza kutoa vipimo kwa muda usio thabiti, jambo linaloitwa jita (swali la 13). Na inaweza kushindwa pale inapotakiwa kuendesha mzigo mzito kuliko uwezo wake (swali la 22).

Orodha ni fupi, na hilo ni jambo jema. Ukisikia kwamba DAC fulani ina "jukwaa pana" au "joto", maneno hayo yanaeleza hisia ya msikilizaji. Kama chanzo cha hisia hiyo kiko kwenye umeme unaotoka, lazima kiwe mojawapo ya mambo hayo.

4. Nianze kubadilisha DAC au spika?

Spika, na kabla ya spika, chumba. Kusogeza spika au kiti mbali kidogo na ukuta kunaweza kubadilisha besi kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kadhaa, wakati mwingine zaidi ya 10 katika masafa fulani. Spika nzuri yenyewe hupotosha besi kwa asilimia moja au zaidi inapopiga kwa nguvu. DAC ya kawaida ya siku hizi hupotosha kwa sehemu chache tu za elfu za asilimia moja. Vitu hivi viwili haviko ngazi moja, na inaniuma kuona mtu akitumia akiba yake kwenye DAC ya tatu huku spika zake zimebanwa kwenye kona.

## Kulinganisha kwa haki

5. Kwa nini ukubwa wa sauti unatajwa kila mahali?

Kwa sababu ndiyo tofauti iliyo kubwa kuliko zote kati ya DAC nyingi, na ndiyo isiyotambulika kwa jina lake. Sauti iliyozidi kwa desibeli nusu au moja haisikiki kama "kubwa zaidi". Husikika kama iliyo wazi zaidi, yenye besi iliyojaa na mwimbaji aliye karibu. Sikio lina tabia ya kupokea besi na sauti za juu vizuri zaidi kadiri sauti inavyoongezwa. Watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walilionyesha hilo kwa vipimo mwaka 1933.

DAC nazo hazitoi volti sawa. Kiwango kilichozoeleka kwenye tundu za RCA (zile mbili za duara, moja kwa kila upande) ni volti 2, lakini kipo kifaa kinachotoa 2.3 na kipo kinachotoa 1.8. Kati ya volti 2 na 2.3 kuna desibeli 1.2, ambazo zinatosha kabisa kumfanya mtu aandike aya tatu za sifa. Kigeuzi kidogo cha Apple cha USB-C hutoa takriban volti 1, yaani desibeli 6 chini ya DAC ya mezani. Ukivibadilisha bila kurekebisha, cha Apple kitaonekana dhaifu na kisicho na uhai kabla hujajua lolote kuhusu ubora wake.

6. Nitausawazisha vipi?

Unahitaji mita ya kawaida ya umeme na faili ya mlio mmoja usiobadilika. Chagua mlio wa masafa ya chini, kati ya 60 na 400 Hz (mitikisiko kwa sekunde), kwa sababu mita za kawaida husoma vizuri eneo hilo na hukosea masafa yakipanda. Weka mita kwenye volti za AC, gusisha ncha zake kwenye vituo vya spika moja huku mlio ukipiga, na uwe mwangalifu ncha hizo zisigusane. Andika namba. Hamia DAC ya pili bila kugusa sauti ya amplifaya, kisha soma tena.

Lengo ni tofauti isiyozidi desibeli 0.1, yaani takriban asilimia 1 ya volti. Ili mita yenye desimali mbili iweze kuonyesha asilimia 1, ongeza sauti hadi isome angalau volti 1. Kama namba hazilingani, ipunguze ile DAC yenye sauti kubwa kupitia programu ya kuchezea muziki au kidhibiti chake yenyewe. Usiiongeze ile ndogo, maana unaweza kuvuka kikomo na kuikata vilele vya mawimbi.

Pima pande zote mbili, kushoto na kulia. DAC ambayo pande zake zinapishana kwa desibeli nusu itamhamisha mwimbaji kidogo kutoka katikati, na jaribio zima litakuwa limevuja.

7. Programu ya simu ya kupima desibeli haitoshi?

Haitoshi. Ukisogeza simu sentimita chache au ukigeuza mwili wako, usomaji hubadilika kuliko ile 0.1 unayoitafuta.

8. Je, ni lazima nisijue ipi inapiga? Nina uzoefu wa miaka mingi.

Ni lazima, na uzoefu hauondoi hitaji hilo. Macho na matarajio huingia kwenye usikivu bila kuomba ruhusa. Ukijua kwamba kinachopiga ni kifaa kizito chenye kasha la alumini, ubongo hukitafutia uzito kwenye besi, na huupata. Hii si kasoro ya mtu asiye mwaminifu. Ndivyo kila binadamu anavyosikia, mwanamuziki na fundi wa studio wakiwemo.

Njia inayotumika sana inaitwa ABX. A ni DAC ya kwanza, B ni ya pili, na X ni mojawapo iliyochaguliwa kwa kubahatisha. Unaruhusiwa kurudi kwenye A na B kadiri unavyotaka, kisha unasema X ni ipi. Huulizwi ipi ni nzuri, unaulizwa tu kama unaweza kuitambua. Usipoweza kuitambua, swali la uzuri halina pa kusimama.

Mtu anayebadilisha naye asijue, au akae mahali usipomwona wala kumsikia. Namna anavyovuta pumzi au anavyobonyeza swichi inaweza kukujibia.

9. Nirudie mara ngapi ndipo matokeo yawe na maana?

Mara 16 ni idadi nzuri, na ukipata 12 au zaidi, uwezekano kwamba umebahatisha tu ni chini ya 4 katika 100. Majaribio machache hudanganya: anayebahatisha hupata yote matatu kati ya matatu mara moja katika kila mara nane, na hupata 7 au zaidi kati ya 10 karibu mara 17 katika kila 100.

Amua idadi kabla ya kuanza na usisimame mapema kwa sababu umeanza kupatia. Vilevile, kama kikundi cha watu 25 wanajaribu, tegemea kwamba mmoja atafaulu kwa bahati. Huyo arudie peke yake siku nyingine.

10. Nisikilize nini?

Vipande vifupi vya sekunde 5 hadi 15, ambavyo unavifahamu. Kumbukumbu ya sikio kwa mambo madogo ya sauti hufifia ndani ya sekunde chache, kwa hiyo wimbo mzima kwenye DAC moja halafu wimbo mzima kwenye nyingine ni njia dhaifu sana. Kila kipande kichague kwa kazi yake: matoazi na makofi kwa sauti za juu, piano iliyopigwa pekee kwa upotoshaji, mwisho wa wimbo unaofifia polepole kwa kelele, sauti ya mwimbaji asiye na ala kwa uwiano wa jumla.

11. Tofauti ndogo si hujitokeza mtu akiishi na kifaa kwa wiki kadhaa?

Hoja hii naiheshimu, kwa sababu muziki husikilizwa kwa raha na mtihani huleta wasiwasi. Lakini hakuna kinachokuzuia kufanya vyote viwili. Ishi na kifaa muda wowote utakao, tambua ni wapi hasa katika wimbo gani unasikia tofauti, kisha lete kipande hichohicho kwenye ABX. Kama wiki zimekufundisha kitu, kitaonekana hapo. Kusikiliza kwa muda mrefu bila kulinganisha huchanganya mabadiliko ya DAC na mabadiliko ya kwako: uchovu, hali ya hewa, hamu ya siku hiyo.

12. Sina mtu wa kunisaidia wala kifaa cha kubadilishia. Nifanyeje?

Rekodi. Chukua kiolesura cha kurekodia, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa sauti kuwa namba za kompyuta, chenye ubora unaokaribia au kuzidi wa DAC zako, piga kipande kilekile kupitia kila moja, na urekodi kwa biti 24 na 96 kHz (vipimo 96,000 kwa sekunde). Sawazisha ukubwa wa sauti na mwanzo wa faili hizo mbili ndani ya programu ya uhariri. Kisha tumia kiongezi cha ABX cha programu ya muziki ya foobar2000, ambacho hupatikana bila malipo, na kompyuta itafanya kazi ya kuficha na kuhesabu.

Wapo wanaopinga kwamba kurekodi kunaua tofauti. Kiolesura kibovu kinaweza kufanya hivyo. Kizuri hunasa mabadiliko madogo kuliko yale sikio linaloweza kuyapata, na tofauti kubwa kiasi cha "usiku na mchana" haiwezi kupotea humo yote.

## Namba na vipimo

13. SINAD na jita ni nini, na ni namba gani nizitazame?

SINAD ni uwiano kati ya muziki na takataka zote, kelele na upotoshaji kwa pamoja, kwa desibeli. Namba kubwa ni nzuri. DAC nyingi za sasa zina 100 hadi 120 na zaidi. Fikiria unasikiliza kwa nguvu, vilele vikifika desibeli 100 chumbani. Takataka zilizo desibeli 110 chini zitakuwa desibeli 10 chini ya sifuri ya usikivu wa binadamu, na chumba kilichotulia sana nyumbani kina takriban 30 zake chenyewe. Kwa hiyo kuchagua kati ya 112 na 121 kwa kutarajia sauti nzuri zaidi hakuna mantiki. SINAD kubwa inaonyesha kwamba fundi alikuwa makini, na hilo pia ni jambo la kuthamini.

Ikishuka chini ya 90 hivi, anza kujali, hasa kwa hedifoni za ndani ya sikio zinazohitaji umeme mdogo mno. Hizo hufichua mchirizo wa kelele ambao spika haziuonyeshi kamwe.

Jita ni kuyumba kwa saa inayoamuru kila kipimo kitoke lini. Majaribio yaliyochapishwa yameweka kizingiti cha kusikika kwenye muziki katika makumi hadi mamia ya nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde). DAC nzuri ziko chini ya nanosekunde moja. Hili lilikuwa tatizo la kweli kwenye vifaa fulani vya zamani. Leo hutumika zaidi kuuzia vifaa vya ziada.

14. Je, biti 24 na 192 kHz husikika vizuri kuliko CD?

Nadharia iliyojengwa na Harry Nyquist na Claude Shannon inasema kwamba vipimo 44,100 kwa sekunde vinatosha kuhifadhi kila kitu kilicho chini ya 22,050 Hz, bila "ngazi" kati ya kipimo na kipimo. Sikio changa na zima hufika karibu 20,000 Hz, na kikomo hicho hushuka kadiri umri unavyosonga. Biti 16 hutoa nafasi ya takriban desibeli 96. Biti 24 zingetoa 144, lakini kelele ya asili ya vipuri hairuhusu DAC yoyote kufika huko.

Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha matokeo ya majaribio 554 ambamo muziki wa ubora wa juu ulipitishwa, au haukupitishwa, kwenye kiungo cha kiwango cha CD. Majibu sahihi yalikuwa asilimia 49.8, sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary University of London alikusanya tafiti 18 na kupata asilimia 52.3 kwa jumla, huku wasikilizaji waliopewa mafunzo wakifanya vizuri zaidi. Nikiyasoma yote mawili pamoja, naona kwamba kama tofauti ipo, ni ndogo mno kuwa sababu ya kuchagua DAC.

Mara nyingi toleo la ubora wa juu linasikika tofauti kwa sababu limeandaliwa upya na fundi mwingine. Ili kulinganisha kwa haki, chukua faili hiyo kubwa, ishushe mwenyewe hadi 44.1 kHz na biti 16, kisha linganisha hizo mbili.

15. Chipu ipi ina sauti nzuri: ESS, AKM, Burr-Brown au Cirrus Logic?

Chipu ni sehemu ya kazi tu. Umeme unaoilisha, saa yake, na hatua ya analogi inayofuata, yaani sakiti inayotoa volti ya mwisho, ndivyo vinavyoamua matokeo, na chipu ileile huweza kutoa SINAD ya 95 kwenye kifaa kimoja na 118 kwenye kingine. Oktoba 2020 moto uliteketeza kiwanda cha AKM kilichopo Nobeoka, Japani, na watengenezaji kadhaa wakalazimika kuviunda upya vifaa vyao kwa chipu za kampuni nyingine. Kama "sauti ya AKM" ingekuwa kitu kikubwa kama kinavyosimuliwa, matoleo hayo mapya yangesikika kama vifaa vya ukoo mwingine. Pale hatua ya analogi ilipofanyiwa kazi nzuri, vipimo vya matoleo hayo viliendelea kuwa karibu na vya awali.

## Aina za DAC

16. R-2R na delta-sigma zinatofautianaje kwa sauti?

R-2R hutumia ngazi ya vikinza, kila biti na kikinza chake. Delta-sigma hutumia biti chache zinazobadilika kwa kasi kubwa sana, na kelele inayotokana husukumwa juu ya masafa ya sikio na kuchujwa. R-2R inahitaji vikinza vinavyolingana kwa usahihi mkubwa mno, na visipolingana, upotoshaji huongezeka kwenye sauti ndogo. Wapo wanaoupenda. Zikijengwa vizuri aina zote mbili hukaribiana, na ladha ya R-2R inayosifiwa mara nyingi hutoka kwenye jambo linaloelezwa katika swali linalofuata.

17. DAC za NOS, zisizozidisha vipimo, mbona zinasikika laini?

Kwa sababu zinapunguza sauti za juu, na hapa tofauti ni ya kweli. DAC inayotoa kila kipimo kama kidato bapa kwa 44.1 kHz bila kuzidisha (kuongeza vipimo vya katikati kati ya kipimo na kipimo) hushusha masafa ya 20 kHz kwa desibeli 3 hivi, na ya 10 kHz kwa takriban 0.75. Juu ya 22 kHz huacha vivuli vya muziki ambavyo amplifaya au twita (spika ndogo ya sauti za juu) inaweza kuvigeuza kuwa upotoshaji unaosikika. Philips walilifahamu hili tangu mwanzo: CD pleya zao za kwanza zilizidisha vipimo mara nne, ingawa chipu yenyewe ilikuwa ya biti 14.

Kama unaipenda sauti hiyo, ni haki yako. Jaribu pia kuiiga kwa ikolaiza (kidhibiti cha kupandisha na kushusha masafa) kwenye DAC ya kawaida kabla ya kununua nyingine.

18. Vichujio vinavyochaguliwa kwenye menyu vina faida?

Kichujio ni sehemu ya DAC inayokata masafa yaliyo juu ya yale ya sikio. Cha mteremko mkali husikika karibu sawa na jirani yake, maana kinachobadilika kiko karibu na 20 kHz. Cha mteremko wa polepole kinaweza kuanza kushusha sauti kabla ya hapo, na kijana mwenye masikio mazima anaweza kukitambua kwenye matoazi. Hili ni zoezi zuri la ABX kwa sababu kifaa ni kilekile na ukubwa wa sauti haubadiliki kwa kawaida. Ukishindwa kuvitofautisha, acha kile cha kiwandani.

19. Na zenye vali?

Vali, ile mirija ya kioo ya kukuza umeme, huongeza upotoshaji, hasa wa mara mbili ya masafa ya asili, na huo mara nyingi hupendeza. DAC ya vali inaweza kutambulika kwenye ABX. Ichague ukijua kwamba umenunua ladha.

## Uunganishaji

20. USB, optiki au koaksi: kipi kina sauti bora?

Ikiwa namba zinafika salama, njia hazitofautiani kwa sauti. Optiki ya TOSLINK (kebo inayopitisha mwanga), iliyoanzishwa na Toshiba mwaka 1983, ina faida moja kubwa: haipitishi umeme, hivyo hukata mvumo unaotokana na kompyuta. Vifaa vingi huikomesha kwenye 96 au 192 kHz. USB hubeba zaidi, na kwenye DAC nyingi za sasa saa iliyo ndani ya DAC ndiyo inayoamuru mwendo wa data.

Ukisikia mvumo wa 50 au 60 Hz, au mlio unaobadilika unaposogeza kipanya, usibadilishe DAC kwanza. Hilo ni tatizo la njia ya ardhi kati ya vifaa viwili. Jaribu optiki, au tumia kompyuta mpakato ikiwa imechomolewa chaja. Ikinyamaza, umepata chanzo.

21. Nilihamia kwenye XLR na sauti ikafunguka. Je, XLR ni bora?

Tundu za XLR (zile kubwa za pini tatu) kwa kawaida hutoa volti 4 pale RCA zinapotoa 2. Hizo ni desibeli 6, na swali la 5 limeeleza kinachofuata. XLR husaidia kweli kwenye nyaya ndefu na mahali penye mvumo.

22. DAC yenye tundu la hedifoni inabadilisha besi ya hedifoni zangu. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, na hii ni mojawapo ya tofauti kubwa kuliko zote. Hedifoni nyingi hazina ukinzani mmoja katika masafa yote. Chukua ya ndani ya sikio inayoanzia omu 30 (omu ni kipimo cha ukinzani) na kushuka hadi 5. Ikichomekwa kwenye tundu lenye ukinzani wa omu 10, uwiano kati ya masafa hayo mawili hupinda kwa takriban desibeli 7. Kwenye tundu la omu 1, kupinda hakufiki hata desibeli 1.5. Kanuni inayotumika ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni.

Ukilinganisha DAC kupitia tundu zao za hedifoni, kwa hiyo, unalinganisha amplifaya zilizo ndani yake. Ili kusikia DAC pekee, tumia matokeo ya laini (tundu za RCA au XLR zinazopeleka sauti kwenye amplifaya) na amplifaya moja.

23. Natumia hedifoni za Bluetooth. DAC ya nje itanisaidia?

Hapana. DAC iko ndani ya hedifoni, na simu hutuma namba tu.

## Hali zisizo za kawaida

24. Nimepata 16 kati ya 16. Je, nimethibitisha kwamba DAC moja ni bora?

Umethibitisha kwamba kuna kitu cha kusikia, na hapo kazi tamu inaanza. Pitia visababishi rahisi kwanza. Pima tena ukubwa wa sauti, pande zote mbili. Angalia kama kompyuta inabadilisha kasi ya vipimo kwa DAC moja na si kwa nyingine. Mpangilio wa sauti wa Windows na Android hufanya hivyo mara kwa mara. Sikiliza mlio wa swichi. Hakikisha DAC zote mbili hazijageuza nyaya za chanya na hasi. Angalia kama moja inachelewa: hata makumi machache ya milisekunde hufanya muziki uruke au ujirudie unapobadilisha, na sikio hukamata ruko hilo hata kama sauti zenyewe ni sawa. Kila kimoja kati ya hivi huleta 16 kati ya 16 bila kusema lolote kuhusu ubora.

Kikibaki kitu baada ya hapo, una ugunduzi wa kweli, na unastahili kuandikwa pamoja na namna ulivyopima.

25. DAC yangu mpya inakwaruza kwenye nyimbo zilizorekodiwa kwa sauti kubwa, ya zamani haikwaruzi. Imeharibika?

Huenda haijaharibika. Nyimbo nyingi za kisasa zimesukumwa hadi kikomo cha namba. Wimbi linalopita kati ya vipimo viwili vilivyo kwenye kikomo linaweza kupanda juu yake, na DAC isiyoacha nafasi ya ziada hulikata. Punguza sauti kwa desibeli 3 hadi 4 kwenye programu kabla namba hazijafika kwenye DAC, kisha fidia kwa amplifaya. Mkwaruzo ukitoweka, chanzo ni hicho, na unaweza kuacha mpangilio huo daima. Ukibaki, badilisha kebo na tundu la USB kabla ya kukirudisha kifaa.

26. DSD inapiga kwa upole zaidi kuliko PCM kwenye DAC yangu. Kwa nini?

Kiwango cha kawaida cha DSD, mfumo wa kuhifadhi muziki kwa biti moja uliokuja na diski ya SACD mwaka 1999, kiko desibeli 6 chini ya kilele cha PCM, mfumo wa vipimo unaotumiwa na CD. Programu fulani huzifidia, nyingine hazizifidii. Zaidi ya hayo, tabaka la SACD na tabaka la CD kwenye diski moja huenda vimeandaliwa tofauti. Tumia mbinu ya swali la 14: badilisha faili moja mwenyewe, sawazisha, ndipo ulinganishe.

27. Nimeshindwa kuzitofautisha, lakini bado naipenda ile ya bei kubwa. Niirudishe?

Hilo ni lako kuamua. Kidhibiti kizuri cha sauti, rimoti, tundu za kutosha, umbo linalokupendeza na dhamana ndefu ni sababu halali za kukaa na kifaa. Ila utakapomshauri mwenzako, mtajie sababu hizo kwa majina yake, umwambie pia kwamba kwa sauti hukuona tofauti. Huenda hana fedha ya kununua zote mbili ili ajue.